Mwaka Niliokataa Kuonja

Nestori alifika Busunzu asubuhi ya kuanua matanga ya pacha wangu Bukuru, amepakiwa kwenye bodaboda, amekumbatia mtungi wa pombe ya ndizi kama mtu anayempeleka mtoto zahanati. Umri wake umepita themanini. Ni Mrundi, askari mstaafu wa kwao, rafiki wa Bukuru tangu enzi ambazo urafiki wa kuvuka mpaka ulikuwa wa kujificha. Hata hajakaa akaanza kusimulia safari: kwenye kituo kipya cha mpakani, kile ambacho maafisa wa nchi mbili wanakaa chumba kimoja, kitambulisho chake kilipita bila neno, ila mtungi ndio uliozua mkutano. “Wa kwetu akaniuliza, kuna nini humo? Nikamwambia. Wa kwenu, amekaa naye bega kwa bega, amesikia kila kitu, naye akaniuliza, kuna nini humo? Kisha wakamleta mbwa. Mbwa ndiye peke yake aliyeniamini.” Watu wakacheka sana, maana siku za msiba zikiwa nyingi watu wanakuwa na njaa ya kicheko. Akauweka mtungi katikati ya uwanja, akachomeka mirija ya matete, akarudi nyuma akakaa kwenye mkeka. Na hapo kicheko kikakatika.

Kwetu Buha, na kwao vilevile, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Chakula cha mgeni ni hivyo hivyo, na cha mfungwa zaidi. Akishaonja ndipo unajua hakuna uburozi ndani, sumu ya watu, au kama upo basi mtaondoka wote wawili. Mtoto hafundishwi jambo hili, analikuta. Sasa Nestori amekaa, mikono magotini, haonji. Ntahondi, mtoto mkubwa wa Bukuru, akaniinamia sikioni: “Shangazi, mzee mbona haonji?” Nestori akamsikia, masikio yake bado ni ya kijeshi. “Mimi nimeokoka, wanangu. Mwaka wa kumi na moja huu sijagusa pombe. Ninyi kunyweni.” Wazee wakatazamana. Mtungi umesimama pale na mirija yake, hakuna aliyesogea.

Pembeni yangu alikuwa mjukuu wangu Anitha. Ni koplo jeshini, alikuja msibani kwa ruhusa ya siku nne, na Alhamisi anaondoka na kikosi cha pamoja cha nchi jirani kwenda kulinda amani magharibi huko. Pahali penyewe hataki kunitajia. Tangu afike ananieleza mambo ya ushirikiano wa ulinzi, jinsi walivyofanya zoezi pamoja, askari wa nchi nne katika msitu mmoja, ramani moja, amri moja. “Siku hizi sisi ni ndugu, Bibi, mpaka mahema tunalala jirani.” Nikamwuliza, na kula je? Akasema, “Aa, kula kila nchi na jiko lake.” Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mimi nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba kama anayefuata kuni. Kuni zilikuwepo tele. Nikazunguka nyumba ya Bukuru mara mbili, nikapita zizini, nikarudi kwenye mafiga, nikakaa, nikainuka tena. Wanawake waliokuwa wanapika wakadhani ni uchungu wa pacha. Ulikuwepo uchungu wa pacha. Lakini kilichoniendesha miguu kilianza Kibondo, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka huo nilikuwa nafanya kazi katika hoteli ya Mama Zuhura, mke wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka Ujiji. Hoteli ni neno tu. Chumba cha mbele kilikuwa na mabenchi manne na meza mbili zilizofunikwa kitambaa cha mpira chenye maua mekundu, na ukutani kioo kilichopasuka pembeni ambacho makarani walikuwa wanajitazama meno. Nyuma jiko, mafiga matatu makubwa, na kando yake stoo ya magunia ya mchele, ndimo nilimolala, nanukia mchele na panya. Sikuwa na elimu, niliachia darasa la tatu, lakini Mama Zuhura alisema mkono wangu unajua chumvi. Asubuhi chai na maandazi, mchana ugali wa muhogo na maharage ya mawese, Ijumaa pilau. Wateja walikuwa walimu, madaktari, maafisa wa boma, watu walioletwa na kazi kutoka mikoa ambayo mimi niliijua kwa majina ya mabasi. Nilijifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wakilalamika kuhusu baridi yetu.

Mpaka ulikuwa moto mwaka huo. Watu walikuwa wanavuka na magodoro kichwani, askari wamekaa kingo zote mbili za mto, kila upande unasema upande wa pili unaleta wapelelezi. Sisi watu wa hapa tulikuwa tumezoea kuvuka kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni, tuna wajomba kule, wana mashangazi huku, lugha ndiyo hiyo hiyo. Bukuru alivuka pale Mabamba na maharage na majembe, kwenda sokoni kama alivyozoea, akakamatwa. Habari aliileta mwanamke mmoja muuza asali, Nyabenda. Alikuja hadi mlango wa jiko, akaweka debe lake chini, akasema, “Butoyi, pacha wako wamemchukua askari wa ng'ambo. Wanasema ni mpelelezi.” Nilikuwa namenya ndizi. Nikamenya zote, nikamenya na za kesho, Mama Zuhura akaja kunishika mkono.

Na huku kwetu tulikuwa na wa kwao wawili. Misago, mtu mzima mwenye pengo la meno ya mbele, na Karorero, mpwa wake, mwembamba hata kabla ya kukamatwa. Ng'ombe wao walifuata majani upande huu, wao wakafuata ng'ombe, mgambo wakawafuata wao. Walifungiwa katika ghala la kahawa nyuma ya boma. Mama Zuhura akapewa kazi ya kuwalisha mara mbili kwa siku, na mbebaji wa chakula nikawa mimi. Mlinzi wao alikuwa mgambo mmoja mzee wa Kiha, Ntabindi, mwenye koti la jeshi lililomzidi mpaka magotini. Siku ya kwanza baada ya Nyabenda kuleta habari, nilifika na sufuria, Ntabindi akafungua mlango, nikaiweka chini kizingitini. Misago akanitazama. Akaitazama sufuria. Akanitazama tena. Nilijua vizuri anachongoja. Nikageuka.

“Butoyi,” Ntabindi akaniita, “hujawaonjea.”

“Sionji.”

“Hawatakula.”

“Wasile. Bukuru huko wanamwonjea?”

Ntabindi akakuna shingo ndani ya lile koti. “Na ukijua kwamba wanamwonjea?”

“Onja wewe basi.”

“Si mimi niliyeleta. Anayeleta ndiye anayeonja, unataka nikufundishe mila kwa umri huo?”

Nikaondoka. Kesho yake sufuria niliikuta ilivyokuwa, ugali umekauka ukapasuka kama ardhi ya kiangazi. Nikaleta kingine, sikuonja. Siku ya tatu nilipeleka viazi vitamu vya kuchemsha, vikaisha vyote, na hapo nikaelewa: walikula chenye ganda, kitu ambacho mkono wa mtu haujapita ndani yake. Ndizi, yai la kuchemsha, karanga za maganda. Nilielewa, na bado siku nyingi nilipeleka ugali na maharage. Nataka niandike hivyo hivyo bila kuupaka ukweli mawese. Nilikuwa nasimama nje ya ghala namsikia Karorero anakohoa, namsikia Misago anamwambia kwa Kirundi, vumilia, pengine jioni italetwa ndizi, na mimi nasema moyoni, acha wasikie njaa anayosikia Bukuru. Hakuna aliyeniambia Bukuru ana njaa. Niliitunga mimi mwenyewe nikaishiba. Kwa Mama Zuhura nilikuwa narudisha sufuria tupu. Ugali nilimwaga kwa kuku wa mwalimu mmoja njiani. Miezi minne.

Kisha boma likaanza kupakwa chokaa, tukajua kuna wageni. Maafisa wa ng'ambo walikuwa wanakuja kwenye mkutano wa ujirani mwema, siku tatu, katika nyumba ya wageni ya serikali pale kwenye mikaratusi. Mama Zuhura alikabidhiwa jiko na mimi nikawa wa kupeleka vyombo ndani. Chumba kile nakiona mpaka leo: sakafu nyekundu iliyosuguliwa nta hadi inateleza, mapazia ya kijani, meza ndefu, na juu ya meza ramani kubwa iliyokuwa inajikunja, wakaibana kwa sahani zetu kila pembe. Upande huu alikaa Kapteni Makame, mtu wa pwani, mrefu, mpole, anayevuta maneno. Upande ule Komanda Selestini, mfupi, miwani ya fremu nyeusi, Kiswahili chake cha Bujumbura kinaruka ruka. Walikuja na kapu lao la chakula. Siku ya kwanza hawakugusa kitu chetu, siku ya pili hawakugusa. Walisema tumbo lao limezoea vya nyumbani. Kapteni Makame alikubali kwa adabu, hakuona neno. Lakini mimi niliyekuwa naondoa sahani zilizojaa niliona, na nilijua ni kwa sababu hakuna aliyewaonjea.

Maneno yao lakini yalikuwa matamu. Nilisimama nyuma ya mlango wa stoo na birika mkononi, chai inapoa. Walizungumza doria za pamoja, askari wao na wetu watembee kingo zote mbili kwa siku zilizopangwa, mtu akikamatwa upande wowote apelekwe kwa wakubwa wa pande zote. Kapteni Makame alikuwa mtu wa ndoto. “Ipo siku, Komanda, hapa pana mto tu, mpaka haupo. Jeshi moja, bendera moja, mtu anatoka Bujumbura mpaka Tanga haulizwi.” Komanda akasema, “Na mkubwa wa hilo jeshi atatoka wapi?” Kapteni akacheka, “Atoke kwenye nchi inayopika vizuri.” Komanda naye akatabasamu kidogo: “Basi hatujajua bado.” Wote wakacheka. Mimi nyuma ya mlango sikucheka. Nilikuwa nimesikia jambo jingine, kwamba wamekuja na Bukuru. Yuko ng'ambo ya mto, mkabala na Mabamba, ndani ya lori, anangoja. Siku ya tatu karatasi ikitiwa sahihi, mchana watakula pamoja, wafungwa watabadilishwa, kwisha. Usiku huo sikulala, na asubuhi nilivunja vikombe viwili.

Siku ya tatu tulitandika meza yote. Pilau, kuku, maharage ya mawese, kisamvu, ndizi, samaki wa Kigoma wa kukaushwa, na pembeni mtungi wa pombe uliotoka kwa wazee wa mtaani. Sahani zililala juu ya ramani, bakuli la maharage limekaa sawasawa juu ya mto. Komanda Selestini ameshafungua kalamu yake. Akasema, kabla ya sahihi angependa awaone watu wake. Ntabindi akawaleta. Misago aliingia amemshika Karorero kiunoni, maana Karorero alikuwa hawezi tena ngazi peke yake. Suruali ameifunga kwa kamba ya katani, imemzunguka kama gunia. Komanda akawauliza kwa Kirundi wamelalaje, wakasema vizuri. Wamepigwa? Hapana. Wamekula?

Misago akasita. “Tumekula vya ganda,” akasema.

Komanda akaifunga kalamu. Hakupandisha sauti. Kwa mtu wa huku maneno yale matatu yalitosha: miezi minne watu hawa wameletewa chakula ambacho aliyekileta hakutaka kukionja, maana yake wenyeji walitaka wafe polepole bila kelele. Kapteni Makame alikuwa anatabasamu bado, anangoja atafsiriwe. Komanda akamgeukia askari wake wa redio ya upepo, akasema kwa sauti ya chini, “Mwite Nestori pale mtoni. Mwambie ageuze lori.”

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina la Nestori. Sinia lilikuwa mkononi mwangu. Nililiweka mezani, sijui juu ya nini, mchuzi ukamwagikia ramani, nikasema kwa Kiha, nikijua watanielewa: “Ni mimi.”

“Anasema nini binti huyu?” Kapteni Makame akauliza.

“Butoyi!” Mama Zuhura mlangoni. “We mtoto, rudi jikoni!”

“Siyo serikali,” nikasema. “Siyo mkubwa yeyote. Chakula nilibeba mimi, na sikuonja mimi. Hakikuwa na kitu. Nilikataa tu.”

Komanda akaniangalia juu ya miwani. “Kwa nini ulikataa?”

“Kwa sababu mtu aliye kwenye lori lenu ni pacha wangu.”

Ntabindi ndiye aliyemfafanulia Kapteni, amejinyoosha ndani ya koti lake kama shahidi mahakamani. Kapteni Makame alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini taratibu. “Yaani siku tatu hizi,” akasema, “tumeandika doria, tumeandika silaha, tumeandika ng'ombe, na kumbe habari yote ilikuwa kwenye kijiko?” Yule askari alikuwa ameshika mkono wa redio, inakoroma, anangoja. Wote walikuwa wanamtazama Komanda, lakini Komanda alikuwa anamtazama Misago. Nikajua kwamba neno ni la Misago. Mtu niliyemnyima ugali miezi minne ndiye mwenye pacha wangu kiganjani.

Misago alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza kizingitini. Akasema, “Basi aonje leo.”

Nikaonja. Nilianzia kwenye pilau, nikaenda kuku, maharage, kisamvu, kila bakuli, kijiko kile kile, mbele ya watu wote, kila tonge nilimeza kwa nguvu kama dawa. Nikainamia mtungi nikavuta pombe kwa mrija. Kapteni Makame alinifuata nyuma. Kwenye pombe akanyoosha mkono, “Hapo dini yangu hainiruhusu, Komanda, nisamehe,” lakini akakunja mkono wa shati, akasema Bismillahi, akachota pilau katika sahani ya Komanda mwenyewe, akala. Kapteni mzima, kwenye sahani ya mwenzake! Komanda Selestini akacheka mara moja, kama mtu aliyepiga chafya. Karorero hakungoja tena. Alikula kwa mikono yote miwili, na Misago anamwambia polepole, mpwa wangu, polepole, huku na yeye mwenyewe anatafuna anatoa machozi. Kalamu ikafunguliwa. Kifungu cha mwisho kiliongezwa chini kwa mkono wa Kapteni, kwa sababu mashine ya chapa ilikuwa imesharudishwa boma: mtu atakayeshikwa upande wowote, anayempelekea chakula akionje mbele yake. Komanda akaweka sahihi pembeni ya doa la mchuzi. Karatasi ile iko wapi leo sijui. Nimemwuliza Anitha kama kwenye mikataba yao mipya kuna kitu kama hicho, akasema atauliza, na ninajua hataniulizia huko.

Watu wa Kibondo walibeba nusu ya hadithi. Walisema Butoyi alisimama mbele ya makomanda akaonja chakula, pacha wake akarudi. Nusu ya pili ilikuwa ya Kiha, ndani ya chumba kile, na Ntabindi hakuwa mtu wa maneno. Mama Zuhura ndiye aliyenibana, jioni hiyo hiyo, tunaosha vyombo: “Miezi yote hiyo ulikuwa unabeba chakula changu kama sumu.” Hakunifukuza. Lakini hakunipa tena kupeleka sahani kwa mtu yeyote. Nikawa wa kuosha, mpaka mwaka ulipoisha nikaolewa Titye, upande wa Kasulu, nikaondoka.

Bukuru alishuka kwenye lori jua likiwa limelala. Nilikuwa nimejiandaa kuona mifupa. Alikuwa amenenepa! Mashavu yamejaa, anacheka, anauliza kuna nini cha kula. Akakaa kwenye gunia la mchele akanisimulia habari za mlinzi wake, Nestori, kwamba tangu siku ya kwanza kabisa, kabla hajaulizwa na mtu, alikuwa anachuchumaa, anaonja kila kitu, hata maji, kisha anamwambia, “Kula, mtoto wa watu.” Nilikuwa nageuza ugali, mwiko ukanikwama. Kuhusu wale wawili tuliowafunga huku hakuniuliza chochote, nami nikamshukuru Mungu kwamba hakuuliza. Nikampakulia. Nikanyoosha mkono nionje kwanza, na nikakuta ameshatia tonge kinywani.

Tangu mwaka ule nimekuwa mtu wa kuonja. Chai ya wajukuu naonja, uji wa mgonjwa naonja, mume wangu Gwimo alikuwa ananicheka kwamba mimi ndiye mwenye nyumba na mimi ndiye mgeni. Ni Bukuru peke yake ambaye sikuwahi kumwonjea. Kila alipokuja Titye baada ya mavuno, na alikuja miaka yote, nikimpelekea sahani anainyaka kabla haijagusa meza, anatafuna, anaongea kinywa kimejaa. Nilikuwa namgombeza, “Bukuru, ulafi huo ulifundishwa na Nestori?” Na ile hadithi ya Nestori aliisimulia kila msiba, kila harusi, na kila alipoianza mimi nilikuwa nakumbuka kitu jikoni. Mara nyingi nilisema mwaka huu nitamwambia. Amekufa wiki iliyopita, sijamwambia.

Basi asubuhi ile ya matanga nilitoka nyuma ya nyumba nikaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa Nestori. Watu bado wamekaa, mtungi bado umesimama, Ntahondi anajaribu kuongelea bei ya maharage. Nikachuchumaa mbele ya yule mzee. “Nestori, nina neno. Wale wawili wenu, Misago na Karorero...”

“Najua, mushiki wanje.” Kwa lugha yao ndiyo kusema dada yangu. Akanishika kifundo cha mkono. “Nilikuwepo pale mtoni walipovushwa. Misago alimwona Bukuru, mnafanana sura, akamwambia, dada yako katuonjea leo. Bukuru akamwuliza, na jana? Misago akaangalia maji.”

Nikakaa chini kwenye mkeka wake.

“Bukuru alijua,” Nestori akasema. “Alijua kabla lori halijawashwa. Akaniambia, Nestori, ukija kuonana na Butoyi usimwulize habari hii, hatapumzika. Nimekaa nayo mpaka amelala kaburini. Nikaona niilete pamoja na mtungi, nisije nikafa nayo mimi.”

Niliinuka, magoti yanalia. Nikaenda katikati ya uwanja, nikainama kwenye mtungi, nikashika mrija. Ntahondi akapiga kelele, “Shangazi, haijaonjwa!” Nikavuta. Ilikuwa kali, imechachuka kidogo kwa jua la safari na maswali ya mpakani. Nikavuta tena. Nilipoinua kichwa Anitha alikuwa ameshachuchumaa upande wa pili, hajaniuliza lolote, anatafuta mrija wake, na nyuma yake wazee wameanza kusogeza viti.

Alhamisi anaondoka. Nimeshamfungia karanga na asali, nimefungua, nimefunga tena, na bado najiuliza huko kwenye majiko yao manne ni nani atakayeanza kuvuka na sahani. Sitaki kulala, sitaki kukaa. Nikikaa namwona Bukuru, miaka hamsini ya sahani, mkono wake unaiwahi kabla sijaiweka mezani, kabla sijapata nafasi ya kuonja, anajua yote, anatafuna huku ananitazama, na mimi nasema ulafi.